Morebath 1549: Kijiji cha kaya 33 kilivyolipia vijana watano waende kupigana na jeshi la mfalme

Naanza na mstari mmoja wa daftari la hesabu, maana kisa chote kimelala hapo. Mwaka 1549, kwenye hesabu za kanisa la Mtakatifu George pale Morebath, padri ameandika kwamba pesa ya parokia imetoka kumpa William Hurley mdogo wakati anaondoka kwenda kambini St David's Down, afu wanafuata wengine wanne, Thomas Borrage mdogo, John Timewell, Christopher Morsse na Robert Zaydyn. Ukisoma harakaharaka unapita tu, unaona ni kama malipo ya fundi paa au ya nta ya mishumaa. Ila St David's Down ni ile sehemu ya juu nje ya ukuta wa mji wa Exeter, na kiangazi cha mwaka ule waliokuwa wamepiga kambi nje ya Exeter ni waasi. Yani kanisa la kijiji limetoa hela kwenye mfuko wake, likawasafirisha vijana wake watano kwenda kwenye uasi dhidi ya serikali, na likaandika kwenye daftari kama matumizi ya kawaida ya mwaka.

Swali langu ni moja tu: kijiji ambacho kwa miaka karibu thelathini kilikuwa kinatii kila amri kutoka London kilifikaje hapo? Nimekaa na hiki kisa muda mrefu, na jibu ambalo watu wengi wanalitoa, kwamba walikuwa Wakatoliki wenye msimamo basi, mimi naliona ni nusu ya jibu, na hiyo nusu nyingine ndo iko kwenye hesabu.

Kwanza mahali penyewe. Morebath iko Devon, kusini magharibi ya Uingereza, pembezoni mwa nyanda za Exmoor karibu na mpaka wa Somerset, mji mdogo wa jirani unaitwa Bampton. Wakati huo kulikuwa na kaya 33, watu kama 150 hivi, mashamba yametawanyika kwenye vilima, udongo mzito na mvua nyingi, kazi kubwa ni kondoo. Hakukuwa na bwana mkubwa anayeishi pale kijijini, na hiyo ni pointi ya kushika, maana vijiji vingi vya Uingereza vilikuwa na mwenye ardhi ndani ya jumba lake anaamua mambo, hapa waliamua wenyewe. Na parokia ya Uingereza enzi hizo haikuwa kanisa peke yake, ilikuwa pia serikali ya mtaa. Ikitakiwa daraja la Hukeley litengenezwe, parokia inachangia, mfalme akitaka askari wa vita vya Scotland au Ufaransa, parokia inatoa watu na silaha, kwahiyo pesa ya Mungu na pesa ya serikali zilikuwa zinapita mikononi mwa watu walewale.

Padri aliitwa Christopher Trychay, jina linatamkwa kama Triki, na mbele wanaweka Sir Christopher, sio kwamba alikuwa na cheo cha kifalme, padri ambaye hakusoma chuo kikuu ndo alikuwa anaitwa hivo. Aliingia Morebath mwaka 1520 akatoka kwa kufa mwaka 1574. Miaka 54 sehemu moja. Alizika na kubatiza vizazi vitatu, akapita chini ya Henry wa Nane, Edward wa Sita, Mary na Elizabeth, na kwa karibu muda wote huo hesabu za parokia aliandika yeye kwa mkono wake, kwa Kiingereza cha Devon anavyokisikia masikioni, tahajia haina utaratibu kabisa, halafu zinasomwa kwa sauti mbele ya parokia nzima. Ndo maana ukizisoma leo unamsikia mtu anaongea, anaeleza jambo, anarudia, anataja nani anadaiwa, anashukuru, analalamika. Ripoti ya kwenye makaratasi tu haiko hivo.

Sasa niseme hela ilivyokuwa inapatikana, na hapa ntakaa kidogo kwasababu bila kuelewa hii mashine huwezi kuelewa walichopoteza.

Kanisa lilikuwa na mifuko kadhaa, kila mmoja na kazi yake na wasimamizi wake. Kulikuwa na mfuko wa Mtakatifu George msimamizi wa kanisa, mfuko wa Bikira Maria, mfuko wa Mtakatifu Sidwell, mfuko wa taa ya kuwaombea marehemu, afu vijana wa kiume wana mfuko wao na mabinti wana mfuko wao, na juu yake wako wazee wakuu wa kanisa wanaobeba bajeti kubwa. Mifuko kadhaa ilikuwa na kondoo. Kondoo wa kanisa hawakukaa zizi moja, waligawanywa kwenye mashamba, huyu anakaa na mmoja wa Bikira Maria, yule na mmoja wa George, na kila mwaka Trychay anasoma kondoo mmoja mmoja yuko kwa nani, nani amezaa, yupi amekufa, sufu imeuzwa shilingi ngapi. Fikiria mama mjane mwenye kibanda na kipande cha bustani, na yeye yumo, kondoo wa Maria analala kwake, jina lake linasomwa kanisani.

Chanzo kingine ni sherehe za pombe. Kanisa lilikuwa na nyumba yake ya pembeni, wanapika pombe, wanaalika parokia jirani, mpiga muziki anakuja, watu wanakunywa na kula na faida inaingia kwenye mfuko. Kuna sherehe ya wazee wa kanisa na kuna ya vijana, na hizi ndo zilikuwa zinaleta fungu kubwa la mapato ya mwaka.

Na uongozi ulizunguka. Nafasi ya kusimamia mfuko ilihama kutoka shamba hadi shamba, tajiri na maskini, wanawake pia hasa wajane waliorithi mashamba ya waume zao. Kijiji cha watu 150 kilikuwa kila mwaka kinahitaji zaidi ya kumi wa kushika hela za wenzao na kusimama mbele kueleza. Juu yao wakawepo wazee wanaoitwa Watu Watano wa kuamua mambo mazito. Sitaki nikupake rangi kwamba walikuwa malaika, hapana, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1530 waligombana miaka kadhaa juu ya posho ya karani wa kanisa, watu wakakataa kutoa, mpaka suluhu ikapatikana 1536. Ila hata ugomvi wenyewe unaonyesha kwamba walizoea kubishana na kukubaliana kwa kauli ya wote.

Tukio la kuonyesha roho ya pale ni la wizi wa mwaka 1534. Mwizi aliingia kanisani usiku, akaiba kalisi (kikombe cha misa) na kiatu cha fedha cha sanamu ya Mtakatifu Sidwell. Huyu Sidwell ni binti mtakatifu wa Exeter, Trychay alipofika 1520 alileta sanamu yake kwa gharama yake mwenyewe na akamtangaza kwa moyo wote, taratibu waamini wakampenda, wakamwachia urithi, wengine wakawapa mabinti zao jina lake. Kiatu kile cha fedha kilikuwa heshima ya kijiji. Baada ya wizi vijana wa kiume na mabinti wakakusanyana, wakachangishana, wakanunua kalisi mpya, na parokia haikutoa hata peni. Trychay kaliandika hilo kwa fahari ya wazi, na mimi nikilisoma naona alivyokuwa anawapenda wale watoto. Vijana watano wa 1549 walikulia ndani ya huu utaratibu.

Halafu kuna mavazi meusi. Trychay alikuwa na ndoto moja, kanisa lake lipate seti ya mavazi meusi ya misa ya wafu yenye hadhi, siyo ya kuazima. Kwenye miaka ya 1520 akaanza kuweka akiba, akajinyima zaka yake mwenyewe ya sufu ya kondoo wa kanisa iingie kwenye huo mfuko, na waamini nao wakawa wanaacha kidogokidogo kwenye wosia zao. Ilichukua kama miaka ishirini. Mavazi yakafika mwaka 1547 kwa pauni 6 na shilingi 5. (Shilingi yetu jina lake limetoka hukohuko, ila yao ilikuwa na peni 12 na shilingi 20 zinafanya pauni, na kibarua wa shamba alikuwa anapata peni nne au tano kwa siku, kwahiyo piga hesabu mwenyewe hiyo pauni 6 na shilingi 5 ni siku ngapi za jasho.) Mwaka huohuo 1547 ndo Henry amekufa, mwanae Edward wa miaka 9 ameshika ufalme, na serikali yake, ya Kiprotestanti, ikaingia kazini kuondoa ibada za kuwaombea wafu.

Kabla sijafika huko nirudi nyuma kidogo, maana mabadiliko hayakuanza 1547. Henry alivunja uhusiano na Papa wa Roma 1534. Mwaka 1536 nyumba ndogo za watawa zikafungwa, ikiwemo Barlinch, ambayo iko jirani tu na ndiyo iliyokuwa inamiliki ardhi ya Morebath. Watu wa Morebath walifanya nini? Walipata dirisha moja la vioo la kanisa la Barlinch wakaliweka kwao. Mwaka 1538 ikaja amri ya kuzima mishumaa mbele ya sanamu. Wakazima. Ikaja amri ya kununua Biblia kubwa ya Kiingereza, wakanunua. Hakuna fujo, hakuna aliyeshika jiwe. Hiyo mifuko mingine ikakosa kazi taratibu, ila kondoo wapo, pombe ipo, vijana wana mfuko wao, padri ana akiba yake ya mavazi meusi, maisha yanaenda. Kwahiyo anayesema kijiji kiliasi kwasababu ya imani peke yake anieleze kwanini hakikuasi 1536 au 1538, wakati kaskazini ya nchi maelfu waliandamana 1536 kwa mambo hayahaya.

Kilichotokea 1547 na 1548 ni kitu cha aina nyingine. Wakaguzi wa mfalme wakapita Devon vuli ya 1547 na maagizo mapya, sanamu zote ziondoke, mishumaa, maandamano, vitabu vya zamani, na fedha za mifuko ya watakatifu zisitumike tena vile. Ndani ya miezi michache kila kitu nilichoeleza hapo juu kikawa hakina ruhusa ya kuwepo. Sidwell akashuka, George akashuka na farasi wake, kondoo wakauzwa, mifuko ikafungwa, sherehe za pombe zikakoma, na mavazi mengine na vitu vya ibada vikagawanywa kwa watu wavitunze majumbani. Mzee wa kanisa aliyekuwa zamu mwaka 1548 alikuwa mwanamke, Lucy Scely, na ndiye aliyesimama kutoa hesabu ya mwaka ambao kanisa liliuza vitu vyake. Mimi huyu mama namfikiria sana. Zamu yake imemkuta mwaka mbaya kuliko yote, waliomtangulia walisoma hesabu za vitu walivyonunua, yeye anasoma za vilivyouzwa.

Sasa angalia upande wa kulipa. Mapato yamekufa lakini matumizi yameongezeka, maana serikali ileile iliyofunga mifuko inataka parokia inunue vitabu vipya, ilipe safari za wazee kwenda kuitikia wito wa wakaguzi Exeter na kwingine, itoe ripoti za mali ya kanisa tena na tena, na kila safari ni hela ya chakula na ya farasi na ya mwandishi. Parokia iliyokuwa na akiba ikawa na deni. Juu ya hapo bunge likapitisha mapema 1549 ushuru wa kondoo na wa vitambaa vya sufu, kondoo wahesabiwe kwenye kila shamba. Kwa kijiji cha wafugaji hiyo ni mkono kuingia moja kwa moja kwenye sahani. Na sio kijiji tu, Devon nzima ilikuwa inanung'unika. Cornwall, mkoa wa jirani, hali ilikuwa mbaya zaidi, mkaguzi mmoja William Body aliuawa na watu wenye hasira pale Helston Aprili 1548.

Mwisho kikaja Kitabu cha Sala, yani ibada mpya kwa Kiingereza. Wale Waanglikana wa kwetu wanaosoma hapa Kitabu cha Sala wanakijua kama urithi wa mababu, kitu cha zamani chenye heshima, ila jaribu kukisikia kwa masikio ya mtu wa Devon asubuhi ya Pentekoste, tarehe 9 Juni 1549, siku ambayo kiliamriwa kianze kutumika nchi nzima. Misa ya Kilatini aliyoizoea tangu kuzaliwa imetoweka mara moja. Kesho yake, Jumatatu, kijiji cha Sampford Courtenay hukohuko Devon wakamlazimisha padri wao arudi kwenye mavazi na misa ya zamani, moto ukawaka, wakaungana na watu wa Cornwall ambao walikuwa tayari wamesimama na kiongozi wao Humphrey Arundell, wakaelekea Exeter. Madai yao yameandikwa, na humo wanasema ibada mpya ni kama mchezo wa Krismasi, na Wacornwall wakaongeza kwamba wengine wao Kiingereza hawakielewi kabisa. Tarehe 2 Julai mji wa Exeter ukazingirwa.

Morebath iko kama kilomita 35 kaskazini ya pale. Hapa ndo wale watano wanaondoka.

Nataka uangalie namna walivyoondoka. Hawakutoroka usiku. Walikwenda kwa gharama ya parokia, William Hurley na shilingi 6 na peni 8, karibu wiki tatu za kibarua. Huu ni utaratibu uleule waliotumia mfalme alipotaka askari, parokia inachagua watu, inawapa hela na vifaa, inaandika. Waasi wa Devon walijipanga kwa ngazi zilezile za serikali ya mtaa. Kwahiyo Morebath ilipotoa watu haikuwa inafanya kitu cha kihuni machoni pake yenyewe, ilikuwa inafanya kile parokia inachofanya pakiwa na jambo kubwa. Mtu anaweza kubisha kwamba labda walilazimishwa, kwamba kundi la waasi lilipita likadai watu kutoka kila kijiji, na ni kweli kwenye vurugu kama zile shinikizo lilikuwepo. Ila kwa kijiji chenye tabia ya kueleza kila peni, chenye padri anayependa kulalamika kwenye daftari akionewa, nategemea ningeona lalamiko, na silioni. Naona majina matano na pesa.

Na majina yenyewe yanaongea. Hawa ni watoto wa familia zilezile zilizozunguka kwenye uongozi wa mifuko, Timewell, Morsse, Borrage, Hurley, majina yanayojirudia kila ukurasa tangu 1520. Wawili wameitwa mdogo kuwatofautisha na wazazi au ndugu zao wakubwa. Sio wahuni wa pembeni wasio na cha kupoteza, ni moyo wa kijiji.

Upande wa pili wa kambi ilikuwa hivi. Serikali ilimtuma Lord Russell na jeshi ambalo ndani yake walikuwemo askari wa kukodi, Wajerumani na Waitaliano wenye bunduki. Mmoja wa makamanda wake alikuwa Sir Hugh Paulet, na huyu watu wa Morebath walimjua vizuri, lile dirisha la Barlinch lilipita mikononi mwake. Fikiria hilo. Miaka kumi na mbili nyuma mnashughulika naye dirisha la kanisa, leo watoto wenu wako mbele ya jeshi lake. Vita ikapiganwa Fenny Bridges, afu Clyst St Mary tarehe 5 Agosti, na usiku huo pale Clyst Heath inaandikwa kwamba wafungwa wapatao 900 walikatwa makoo wakiwa wamefungwa kamba, kwa hofu kwamba wangeweza kuwageuka. Kesho yake, tarehe 6, Exeter ikafunguliwa. Waasi wakapigwa kwa mara ya mwisho Sampford Courtenay, palepale walipoanzia, tarehe 17 Agosti. Robert Welsh, padri wa parokia ya St Thomas nje ya Exeter, alinyongwa juu ya mnara wa kanisa lake akiwa amevalishwa mavazi ya misa. Arundell akapelekwa London akauawa Tyburn Januari 1550. Amri ikatoka kwamba kengele za makanisa ya Devon na Cornwall zitolewe ndimi, maana ndizo zilizotumika kuita watu. Na ule ushuru wa kondoo ukafutwa mwaka uliofuata, watu wameshakufa.

Nirudi kwenye uchambuzi maana hapa ndo ninapotofautiana na wengi. Ukiweka sababu mezani, ibada mpya, ushuru, uonevu wa wenye ardhi, watu wanapenda kuchagua moja. Kwa Morebath wenye ardhi siwaoni, hawakuwa na bwana wa kuwaonea pale. Ushuru ulikuwepo ila peke yake hauelezi kwanini ilipe parokia, siyo mtu na mtu. Ibada mpya ilikuwepo lakini walikuwa wameshameza mabadiliko mengi kabla. Kilichobadilika kati ya 1538 na 1549 ni kwamba mara ya kwanza serikali iligusa ule mfumo wenyewe wa kushirikiana. Kuondoa sanamu ya Sidwell kulikuwa pia kuondoa mfuko wa Sidwell, na msimamizi wake, na kondoo wake kwenye shamba la mjane fulani, na siku ya kusimama mbele ya wenzako kusema nilipokea hiki nikatumia hiki. Mabinti hawakuwa tena na mfuko wao, vijana nao hivohivo. Kwa wale watu imani na mchango havikutenganishwa, mtu alimpenda mtakatifu kwa kumfugia kondoo. Ukiondoa kondoo umeondoa na njia ya kupenda. Kwahiyo nikisema sababu ni hesabu simaanishi kwamba walipigania hela, namaanisha hesabu ndiyo ilikuwa sura ya maisha yao ya pamoja, na ilipofutwa wakabaki na deni na amri tu.

Kuna jambo lingine la kitaalamu ambalo linanigusa kama mtu anayependa nyaraka za zamani. Hizi hesabu hazikupotea, zilichapwa mwaka 1904 na Erskine Binney aliyekuwa kasisi hapohapo Morebath, kazi nzuri ya mtu mvumilivu, wanahistoria wakazitumia karne nzima. Ila jina la ile kambi, ambalo Trychay aliliandika kwa tahajia yake ya masikioni, lilisomwa vibaya, herufi mbili tatu tu, na mstari wote ukawa hauna maana kubwa, malipo ya watu watano kwenda mahali fulani. Ni mwanahistoria Eamon Duffy aliyelisoma upya, akalitangaza 2001, ndo ikajulikana kwamba Morebath ilituma watu kwenye uasi. Karibu miaka mia ushahidi ulikuwa mezani umechapwa kabisa na hakuna aliyeuona. Ndo maana mtu akiniambia historia ya kijiji kidogo imeshaandikwa yote namwambia arudi kwenye mwandiko wenyewe.

Baada ya 1549 kijiji kikanyamaza. Wakanunua walichoambiwa wanunue, wakatoa orodha walizoambiwa watoe. Edward akafa Julai 1553, Mary akaingia na misa ikarudi, na hapo ndo unaona walichokuwa wanakifanya kimyakimya miaka ile mitano, maana vitu vikaanza kutokea majumbani. Huyu analeta vazi, huyu kitabu cha misa, mwingine sanamu za Maria na Yohana za pembeni ya msalaba mkubwa, vilikuwa vimefichwa. Trychay aliandika kwamba enzi za Edward kanisa lilizidi kuchakaa, halafu akaeleza jinsi lilivyofufuliwa wakati wa Mary, akawataja kwa shukrani waliorudisha vitu. Unaona kabisa mzee amepumua. Ilidumu miaka mitano. Elizabeth akaingia mwisho wa 1558, Kitabu cha Sala kikarudi mwaka uliofuata, na vikashuka tena.

Safari hii Trychay hakuondoka na hakupinga. Kuna wanaomwita kigeugeu kwa hilo na mimi sikubaliani nao. Mapadri waliokataa waliachia parokia zao, yeye alibaki na watu wake, akasoma sala mpya kwa Kiingereza kwa watu walewale aliowabatiza kwa Kilatini, akaendelea kuwaandikia hesabu zao, fupi sasa, mifuko haipo, kondoo hawapo, vijana hawana tena cha kusimamia, mzee wa kanisa ni mmoja au wawili wanaokusanya kodi ya kaya. Mwandiko ni uleule. Mwaka 1574 akafa, wakamzika ndani ya kanisa la Mtakatifu George, mbele upande wa madhabahu.